Skrubu Tatu za Mwalimu Sylvestre

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Maana ya methali hii haihitaji shule. Dole likigonga jiwe, damu hutoka, unafunga kitambaa, siku chache unasahau. Lakini neno baya likishatoka mdomoni halina kitambaa wala dawa. Sote tunaisema methali hii, na tunaisema vizuri zaidi inapomhusu jirani. Mwalimu Sylvestre wa Bunia aliwahi kuiandika ubaoni kwa chaki, kwa hati ya kupendeza, na bado haikumsaidia kitu.

Sylvestre alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari, miaka ile nchi ikiitwa Zaire. Kwenye karatasi za serikali alijulikana kwa jina la mababu, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nyumbani na kanisani alibaki Sylvestre, na hakuna aliyemshtaki. Mwaka 1985 alirudi kutoka masomo ya miezi sita huko Ubelgiji. Wenzake walirudi na suti na viatu. Yeye alirudi na kompyuta ndogo ya nyumbani, ile ya kuunganishwa na televisheni, ambayo programu zake huhifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki. Mke wake, Honorine, aliitazama juu na chini, akauliza kama mzigo huo unapika maharagwe. Majirani wa mtaa wa Nyakasanza waliuita ordinatere, wakajazana dirishani kuona herufi zikitokea kwenye kioo.

Aliyemsaidia kuiwasha ni Augustin, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na soko. Wawili hawa walibatizwa siku moja kule Mahagi, wakakua kama chanda na pete. Augustin hakusoma sana, ila vidole vyake vilikuwa na akili. Umeme wa Bunia ulipanda na kushuka ulivyotaka, basi alimtengenezea rafiki yake kifaa cha kuutuliza, tena bure. Walipofungua kifuniko cha mashine, skrubu tatu tu, alimwonyesha vipande vinane vyeusi vyenye miguu kama mende, vimepangwa safu moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya mashine. Kila namba iliyowekwa ndani iligawanywa kwa vipande hivyo vinane, kila kimoja kikashika sehemu yake: cha kwanza moja, cha pili mbili, cha tatu nne, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia. Kisha Augustin akachukua rangi nyekundu ya kucha ya mke wake, Pétronille, akapiga mstari mwembamba kutoka juu ya kila kipande hadi kwenye kitako kilichokishika. Mtu akija kuchomoa hata kimoja, alieleza, mstari utakatika na mwenye mashine atajua.

Rangi hiyo ilikuwa na sababu. Bunia nzima ilijua kwamba ukipeleka redio kwa fundi, unakaa nayo. Unaomba kiti, unatoa macho, unahesabu kila kitu kinachotoka na kila kinachorudi, na kifuniko kikifungwa ndipo unaondoka na redio yako kwapani. Fundi akiachiwa redio peke yake, watu waliamini, atatoa kizima atie kibovu. Desturi hiyo haikumkera Augustin. Alikuwa na viti vitatu vya wateja, na vyote viling'aa kwa kukaliwa.

Haikupita miezi mingi mashine ikaanza kuugua. Sylvestre alikuwa akiandika masomo yake kwa muda wa saa mbili au tatu, mara herufi zinaganda, kioo kinajaa takataka, na kazi yote inakwenda na maji. Akiipeleka kibandani na kukaa nayo saa nzima, kama ilivyo desturi, mashine inatulia kama mtoto aliyepona homa mara tu alipomwona daktari. Mara tatu hivyo hivyo. Augustin akakuna kichwa, akasema ugonjwa huu unangoja joto, na saa moja haitoshi.

"Uniachiye hii masini siku tatu," alimwambia. "Iwake muchana kutwa. Ikipata moto, itaonyesha kipande gani iko mugonjwa."

Siku tatu! Ndugu ni ndugu, alijiambia Sylvestre, lakini mashine ni mashine. Akamwachia siku moja, tena shingo upande. Siku hiyo umeme ukakatika tangu asubuhi hadi jioni. Augustin akairudisha kama alivyoipokea, akaeleza kwamba hakuweza kuona kitu, akaomba apewe tena. Sylvestre akajibu kwamba wataona.

Juma lililofuata Sylvestre alimwalika nyumbani mkaguzi wa shule. Alitaka kumthibitishia kuwa watoto wa huku Ituri wanaweza kujifunza kompyuta, ili shule ipewe chumba cha kompyuta. Sebule ilijaa walimu na wazazi, na Augustin alikaa karibu na mlango, amevaa shati lake la Jumapili. Sylvestre, asiyeliamini neno lile la joto, aliiwasha mashine tangu asubuhi ili isije ikaleta aibu. Kumbe aibu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipashwa moto. Mkaguzi akavaa miwani, Sylvestre akabonyeza, na kioo kikajaa takataka. Mtu mmoja akacheka. Mkaguzi akasema kwa upole kwamba labda vitu hivi havipendi vumbi letu, akaanza kutafuta kofia yake.

Aibu ni mzigo mbaya, jamani. Ikimshika mtu humtafutia mwingine wa kumtwika. Sylvestre alimwona Augustin pale mlangoni, akanyoosha kidole. Aliwaambia wageni wake kwamba mashine ilikaa kwa fundi siku moja bila mwenyewe, siku moja tu, na kila mtu wa Bunia anajua maana yake. Hakutaja kwamba ilianza kuugua kabla ya siku hiyo.

"Augustin ametoa vipande vizima akatia vibovu," alisema. "Ndugu yangu wa ubatizo ameniibia."

Augustin hakupaza sauti. Alisimama, akatoa bisibisi mfukoni, akaiweka mezani kando ya mashine.

"Fungua, uangalie ile rangi," alisema. "Iko skrubu tatu tu."

Sylvestre aliitazama bisibisi. Moyoni alijua, na hapa ndipo hasira yangu kwake inapoanzia, alijua kabisa kwamba ndani ya dakika mbili ukweli ungekuwa mezani. Lakini kufungua mbele ya mkaguzi na kukuta rangi imekaa sawa ingekuwa aibu ya pili, na ile ya kwanza ilikuwa haijapoa. Akajibu kwamba mwizi aliyepaka rangi mara moja hashindwi kupaka mara ya pili. Augustin akaiacha bisibisi palepale, akatoka.

Neno lile halikulala sebuleni. Kesho yake lilikuwa limefika sokoni, limenona. Wenye redio wakaja kuzichukua, hata zile zilizokuwa wazi mezani, wakaondoka nazo kwenye mabeseni huku vipande vikigongana. Hawakumtukana fundi. Mmoja alidai anahamia Bogoro, mwingine kwamba redio si yake ni ya shangazi yake. Mama mmoja alihesabu betri zake mbele ya Augustin, mara mbili. Lisemwalo lipo, watu waliambiana, na aliyesema ni mwalimu, tena ndugu yake. Amsingizie kwa faida gani? Viti vitatu vikakaa vitupu. Kabla ya Krismasi Augustin alifunga kibanda, akapanda lori la kwenda mji wa Komanda. Pétronille alibaki na watoto, akiuza unga wa muhogo, na kila alipomwona Sylvestre njiani alivuka upande wa pili.

Mashine ilikaa chini ya kitambaa mwaka mmoja na zaidi. Kisha akaja Étienne, fundi wa simu kutoka Kisangani, akapanga chumba katika ua wa Sylvestre. Alikiona kitambaa, akauliza kuna nini. Alipoelezwa namna mashine inavyoganda, na kisa cha fundi na rangi yake, akashauri wasiiguse bali waiache iwake, wakae nayo siku nzima. Ni ushauri uleule, ila safari hii ulitolewa na mtu asiyeshukiwa.

Jumamosi Sylvestre aliandika programu fupi. Mashine iweke namba katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha iisome tena, na ikikuta tofauti itangaze. Asubuhi hakukuwa na kosa. Saa nne hakukuwa na kosa. Karibu na saa sita kioo kikaanza kutangaza makosa mfululizo, na yote yalifanana: namba imepungua thelathini na mbili. Sylvestre akaanza kuhesabu kwa vidole. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Kipande cha sita. Hesabu ya mtoto, na yeye mwalimu wa hesabu hakuwahi kuiuliza mashine yake swali hilo.

Étienne akaomba bisibisi. Honorine akaingia chumbani, akarudi na ile ya Augustin. Alikuwa ameitunza tangu siku ile. Skrubu tatu zikatoka. Étienne akavigusa vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, na alipofika cha sita akaurudisha mkono haraka, kilikuwa cha moto mno. Sylvestre hakuwa akitazama kidole cha Étienne. Alikuwa akitazama mistari minane myekundu, yenye vumbi, mizima yote. Hakuna hata mmoja uliokuwa umekatika.

Wakaizima mashine. Étienne akaivunja rangi, akabadilishana nafasi za kipande cha sita na cha kwanza, wakaiwasha na kungoja tena. Ilipopata joto makosa yalirudi, lakini sasa namba zilipungua moja, si thelathini na mbili. Kosa lilikuwa limekifuata kipande. Kilizaliwa kigonjwa huko Ulaya, na hakuna mkono wa Bunia uliokuwa umekigusa.

"Huyu fundi wa rangi alikuwa mutu ya kweli," alisema Étienne. "Iko wapi sasa?"

Sylvestre akaizima mashine, akakichomoa kile kipande kigonjwa.

Jumatatu alifika Komanda, kipande kimefungwa kwenye leso. Alimkuta Augustin kwenye njia panda akiziba matairi ya malori, vidole vimepasuka na kuwa vyeusi kwa mpira. Sylvestre alipiga magoti mbele ya madereva, akasema yote, hata ile sehemu ya bisibisi. Augustin alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua tairi. Kisha akapokea kipande, akakigeuza kwenye mwanga, na kwa muda mfupi macho ya fundi yakamrudia. Aliuliza kilikuwa cha ngapi. Akaambiwa cha sita.

"Nilifikiriaka ya tano," alisema, akakirudisha.

Sylvestre alimsihi warudi pamoja Bunia. Augustin alitikisa kichwa.

"Nimekusamehe, Sylvestre. Lakini ile neno haiko kwako tena. Iko mu kinywa ya watu. Weye utaiokota nyumba kwa nyumba?"

Sylvestre alijaribu. Jumapili, kwa ruhusa ya padri, alisimama baada ya misa na kile kipande mkononi, akakiri kwamba alimsingizia ndugu yake. Watu walimsikiliza vizuri, wengine wakafuta machozi. Nje ya kanisa alimsikia mzee mmoja akimweleza mwenzake kwamba mwalimu ana moyo mwema, anamfichia mwizi wake aibu. Yule mama wa betri alikubali, akaongeza kuwa redio yake haijalia vizuri tangu ilipopita mikononi mwa Augustin.

Sylvestre alirudi nyumbani kwa njia ya soko, kichwa chini lakini haoni. Mbele ya kibanda kilichofungwa alijikwaa kwenye jiwe ambalo Augustin alikuwa akizuia nalo mlango. Ukucha wa dole gumba uling'oka, damu ikajaa kwenye kiatu. Honorine alilisafisha dole kwa maji ya chumvi, akalifunga kitambaa. Baada ya wiki tatu Sylvestre alikuwa akitembea kama kawaida, hata alipoulizwa ni mguu upi ilibidi afikiri. Kibanda bado kimefungwa, na viti vitatu vimo ndani. Kweli, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.