Mdakaji wa Kamalondo

Mbachao ni mkeka wa mtu mwenyewe. Umechakaa, umefumuka pembeni, lakini uko ndani na kila ukiutaka unaupata. Msala upitao ni wa mpita njia: mpya, unavutia macho, na mwenyewe akishapumzika ataukunja, autie kwapani, aende zake. Hakuna asiyeijua methali hii. Shida si kuijua. Shida ni kuikumbuka siku msala unapopita, maana siku hiyo mtu huwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Séraphin hakusikia. Alikuwa mtu wa Lubumbashi aliyekuja Brussels kusoma, akaoa, akazaa binti, akapata kazi katika kampuni ya bima ambako kutwa alikadiria ni nani ataugua na ni nani atagongwa na gari. Jumapili baada ya misa alikuwa kapteni wa Kamalondo, timu ya besiboli iliyopewa jina la mtaa wa kwao. Usiulize Wakongo na besiboli ni wapi na wapi. Papa Tharcisse, mzee wa timu, aliwahi kuwa dereva wa familia moja ya Kijapani katika mtaa wa Uccle. Familia ile iliporudi kwao ilimwachia magunia ya glavu na magongo, naye badala ya kuyatupa akawakusanya vijana wa parokia. Vijana wale sasa walikuwa na vitambi na watoto, na bado walicheza katika ligi ya mtaa kwenye kiwanja cha Woluwe.

Mchezo wenyewe hauna uchawi. Mmoja anarusha mpira, mpinzani mwenye gongo anajaribu kuupiga, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji aliyevaa kinyago cha chuma, ambaye kazi yake ni kuuzuia kila mpira usiopigwa. Watazamaji humshangilia mpigaji. Mdakaji hukumbukwa siku mpira unapompita.

Mdakaji wa Kamalondo alikuwa Hilaire, muuguzi kutoka Bukavu, mtu mnene, mpole, mzito wa miguu. Gongo lilikuwa halimpendi kabisa. Lakini mpira ulikuwa haumpiti, na Bienfait, mrushaji wa timu, alipopandwa na hasira akaanza kurusha ovyo, ni Hilaire peke yake aliyejua kumwendea katikati ya uwanja, akamnong'oneza neno, na Bienfait akatulia kama mtoto aliyepewa titi. Tena Hilaire alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake Séraphin, kwa hiyo wawili hao waliitana kompère. Mama yake Séraphin alipofariki Lubumbashi, matanga yaliwekwa nyumbani kwa Hilaire katika mtaa wa Ixelles, kwa sababu sebule ya Séraphin ilikuwa ndogo. Hilaire aliondoa makochi yote, akatandika magodoro, akapokea watu wiki nzima bila kukunja uso.

Sasa msimu ule akatokea Josias. Alikuwa kijana aliyezaliwa Montréal na wazazi wa Kikongo, amekuja Brussels kwa mafunzo ya kazi katika ofisi moja ya kimataifa. Alijua kudaka, na akishika gongo, mpira ulivuka miti. Séraphin alipomwona mazoezini aliingia wazimu wa mapenzi. Kila alipokuwa, jina mdomoni mwake lilikuwa Josias, hadi mkewe akamuuliza kama ameoa mke wa pili. Tatizo lilikuwa moja tu: sheria ya ligi iliweka kikomo cha wachezaji, na Kamalondo ilikuwa imejaa. Ili Josias aingie, mmoja alipaswa kufutwa, na usajili wa wachezaji wapya ulikuwa unafungwa Jumatatu.

Jumapili ile, kama desturi, timu ilikwenda kula kwa Hilaire. Lucienne mkewe alikuwa amepika pondu, yaani kisamvu, na samaki, na bukari, ugali wa kwao, imevimba sahanini. Watu wa Bukavu na watu wa Lubumbashi hawakubaliani mengi, ila hili wanakubaliana: mtu hapimwi mezani pake. Una neno juu yake, ngoja unawe, utoke, umwite pembeni. Lakini Séraphin alikuwa amekaa na Wazungu wa bima hadi akaona kusema mambo waziwazi ndiyo ustaarabu. Akafuta midomo, akasema timu haiendeshwi kwa huruma, inaendeshwa kwa hesabu. Akaanza kutaja nani anapiga mipira mingapi, nani anakimbia vipi, kila mtu na thamani yake, utadhani wote wako sokoni.

Papa Tharcisse alimkatiza. Alisema timu si wale tisa wanaoanza tu, ni pamoja na wale watakaosimama siku hao tisa wakipungua, na mdakaji hapatikani dukani. Josias akiumwa, aliuliza, nani atavaa kinyago? Séraphin akacheka. Alijibu kwamba Josias ni kijana, vijana hawaumwi. Mzee akamuuliza kama anajua mafunzo ya kijana huyo yanaisha lini. Hilo Séraphin hakulijua wala hakujisumbua kulijua, akalipitia juu kwa juu. Kisha, sahani ya Lucienne ikiwa bado mbele yake, akageuka kwa mwenye nyumba.

"Franchement, kompère, bila wewe tunashinda. Ukishika gongo, ni sawa na mtu hayuko."

Bienfait aliangalia bukari yake. Lucienne, aliyekuwa akiingia na jagi la maji, alisimama mlangoni, kisha akarudi jikoni na jagi lake. Hilaire alichukua kijiko akamwongezea Séraphin samaki, kipande kizuri cha katikati, akamwambia ale kabla hakijapoa. Na Séraphin, Mungu amsamehe, alikila. Alikiona kitendo kile kuwa ni ruhusa. Hakujua kwamba mtu mwenye adabu akitukanwa nyumbani kwake, adabu ndiyo kitu pekee kinachombakia mkononi.

Jumatatu jina la Hilaire likafutwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kwenda kula Ixelles. Baada ya mechi walikula viazi vya kukaanga wamesimama kando ya kiwanja, kila mtu na karatasi yake, wakaagana mapema. Lakini walikuwa wakishinda! Josias alipiga, Josias alidaka, na Séraphin kichwa kikamvimba hata akasahau kwamba hajampigia kompère wake simu tangu siku ile. Au tuseme ukweli: hakusahau. Kila alipoliona jina la Hilaire kwenye simu kitu kilimchoma, naye akalipitisha haraka kwa kidole.

Ikabaki mechi ya mwisho, dhidi ya timu ya Uccle. Kamalondo ilihitaji ushindi huo ili itwae ubingwa kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, na Papa Tharcisse, ambaye moyo wake ulikuwa unamsumbua, alikuwa amesema hadharani kwamba akiuona ubingwa huo hataomba kingine. Jumatano Josias akatuma ujumbe wa heshima kabisa. Mafunzo yamekwisha, anarudi Montréal keshokutwa, anawashukuru wote, hasa kapteni. Hakukosea lolote kijana wa watu. Hakuwahi kuwaambia kwamba anakaa. Hawakuwahi kumuuliza.

Alhamisi jioni Séraphin alipanda basi kwenda Ixelles. Ligi ilikuwa inaruhusu mchezaji aliyefutwa asajiliwe tena wakati wowote na timu yenye nafasi, mradi atie sahihi mwenyewe. Njiani alijaribu kutunga maneno, kila alilolitunga akalitupa. Lucienne alimfungulia mlango. Siku zote alikuwa akimwita shemeki, kama Wakongo wanavyomwita shemeji. Safari hii alimwambia, "Karibu, Monsieur Séraphin," akampisha apite kama mgeni. Séraphin alihisi uso unamwaka moto. Akakaa katika sebule ile ile alimomlilia mama yake, kwenye kochi ambalo Hilaire alilibeba kwa mikono yake kulitoa nje ili waombolezaji wapate pa kulala.

Alizungumza kuhusu hali ya hewa. Alizungumza kuhusu kazi. Mwishowe akaeleza habari ya Josias na mechi ya Jumapili, akamtaja Papa Tharcisse na moyo wake, akasema timu inamhitaji. Hilaire alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bon, kompère," alisema. "Unakuja kunitafuta miye, ao unakuja kutafuta mudakaji?"

Lilikuwa swali jepesi, na mtu mwaminifu angelijibu kwa machozi. Séraphin akasema amekuja kwa yote mawili. Aliisikia mwenyewe sauti yake jinsi ilivyokuwa ya uongo, akatamani ardhi impasukie.

Hilaire akamweleza bila ukali. Baada ya kufutwa alikuwa akienda kiwanjani kila Jumapili, akisimama nje ya uzio kuwatazama, kwa sababu miguu ilikuwa imezoea njia. Walimwona. Walipunga mkono wengine, wengine walijifanya wanafunga kamba za viatu, lakini hakuna aliyesema ingia, njoo ukae nasi kwenye benchi. Siku moja watu wa Uccle walikuwa wanangoja zamu yao ya kucheza, wakamwona amesimama kwenye mvua, wakampa kiti na mwavuli. Wiki iliyofuata wakampa kinyago.

"Nilitia sahihi kwao," alisema. "Jumapili tutaonana, donc."

Séraphin alikuwa mmoja wa wale waliofunga kamba za viatu. Alikumbuka hata viatu vyenyewe. Akaaga, akashuka ngazi, na basi lilipofika hakulipanda. Alitembea kwa miguu, kwa sababu aliona hastahili kukaa karibu na mtu.

Jumapili kiwanja kilijaa. Kamalondo haikuwa na mdakaji, na kwa kuwa hakuna aliyekitaka kinyago, kapteni alikivaa mwenyewe. Ndipo alipojua kilichokuwa ndani yake. Magoti yalimuuma kabla jua halijatoka mawinguni. Mipira ya Bienfait ilimpiga begani, kifuani, na mingine ikampita katikati ya miguu huku wa Uccle wakikimbia na kujipatia pointi za bure. Bienfait alipandwa na hasira, akaanza kurusha ovyo, na Séraphin akamwendea katikati ya uwanja kama alivyokuwa akifanya Hilaire. Alipofika akamkabidhi mpira tu, akarudi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza ni neno gani lile.

Hata hivyo walipigana kiume. Ilipofika zamu ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi moja tu, Bienfait amesimama kwenye kituo cha tatu akingoja kukimbia hadi kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ili asawazishe, na wapigaji wao wawili wameshatolewa kati ya watatu wanaoruhusiwa. Aliyebaki kupiga alikuwa Séraphin. Akikosa mpira mara tatu, mchezo umekwisha. Alishika gongo, akasogea mahali pake, na nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, alikuwa amechuchumaa Hilaire.

Watu wawili wakijuana vile, mmoja hana pa kujificha. Hilaire alijua kwamba kompère wake hawezi kuuacha mpira wa juu upite, hata usipopigika. Alikuwa amemwonya juu ya ugonjwa huo tangu walipokuwa wembamba, mazoezini, kwenye gari, hata siku ya ubatizo. Sasa aliteremsha vidole akamwashiria mrushaji wake arushe juu. Mpira wa kwanza ukaja juu, Séraphin akapiga hewa. Wa pili ukaja juu zaidi, akajiambia auache, mikono ikakataa. Kwenye benchi Papa Tharcisse alikuwa amesimama, kofia ameishikilia kifuani. Mpira wa tatu ukaja pale pale. Séraphin alilizungusha gongo kwa nguvu zake zote, kisha akausikia mpira ukitua ndani ya glavu ya Hilaire, nyuma yake, taratibu.

Watu wa Uccle wakamiminika uwanjani. Papa Tharcisse alikaa, akavaa kofia, akatazama chini. Hakumlaumu mtu, na Séraphin angefurahi kama angelaumiwa. Alibaki pale alipopigia, gongo mkononi, na alipogeuka Hilaire alikuwa amevua kinyago anafuta jasho. Safari hii maneno yalitoka bila kutungwa.

"Kompère, unisamehe. Nilikula chakula chako nikikutukana."

"Nilikusamehe siku ile ile, hata hukuwa umemaliza samaki," Hilaire alijibu. "Lakini kurudi sitarudi. Hawa hawakuniuliza napiga mipira mingapi. Waliniuliza kama nitakuja Jumapili."

Akampiga bega kidogo, kama mtu anavyompiga mgonjwa anayemwacha hospitalini, akaenda kwa wenzake waliokuwa wakimwita. Séraphin alibaki pale pale na aibu yake, akiwatazama jinsi walivyomkumbatia mtu aliyekuwa wake miaka yote bila kumwomba, mtu ambaye yeye alimtoa kwa mdomo wake mwenyewe akiwa ameshiba. Na wewe uliyesikia habari hii, ukiona kipya kinang'aa njiani, kiulize kwanza kinakwenda wapi: usiache mbachao kwa msala upitao.