Mlinzi wa Mashimo Mawili

Mtu mmoja alikuwa na lango. Halikuwa mali yake, ila alilipenda kuliko mwenye mali. Jina lake Jinbei, na hayo yalikuwa Japani, zama ambazo kila bonde lilikuwa na mbabe wake wa vita, na kila mbabe alikuwa na mpaka, muhuri, na makarani wa kutosha kumchosha msafiri kabla hajafika popote. Kazi ya Jinbei ilikuwa moja: asiye na cheti asipite.

Binti yake, Otane, aliolewa bonde la pili. Mama mtu alipougua, Otane alikuja mbio bila cheti, maana ugonjwa haukumngoja karani. Jinbei alimrudisha. Mama akafa siku ya tatu, akiuliza kama mtoto amefika.

Kisha akatokea mtawala aliyewashinda wababe wote, akaamuru nchi iwe moja na malango yang'olewe. Afisa alikuja akalisomea lango amri hiyo kwa sauti, kana kwamba lingetaka kukata rufaa. Maseremala sita wakaling'oa. Adhuhuri walikuwa wamemaliza na kula. Yakabaki mashimo mawili ya nguzo.

Jinbei aliendelea kukaa pale. Na watu, kwa mazoea, walipita katikati ya mashimo kwa foleni, vyeti mkononi, ingawa uwanja ulikuwa wazi pande zote. Mchuuzi mmoja wa chumvi akamtania, "Mzee, siku hizi unalinda upepo?"

Jinbei akayatazama mashimo. Kama lango lilikuwa kazi ya asubuhi moja, basi siku ile alimzuia mwanawe kwa kitu gani? Swali hilo lilimtisha kuliko mbabe yeyote.

Majani yalipoanza kupukutika, Otane akaja, mtoto mgongoni. Alipofika kwenye mashimo alisimama. Alikwisha kurudishwa hapo mara moja. Hakutaka kurudishwa tena.

Jinbei akainuka. Alifungua kinywa kuuliza alichouliza miaka ishirini, akakifunga. Akavuka yeye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukanyaga upande wa pili, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Sina cheti, mwanangu," alisema. "Nipokee hivyohivyo."

Otane akamfungua mtoto mgongoni, akampakatisha babu yake.

Nanyi mnaonisikiliza, aliyewaweka mlangoni alikwisha ondoka zamani: mnangoja amri ya nani ndipo mvuke?