Kiatu cha Wastani

Watu walipotoka kwenye maulidi nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa, tajiri Ngwali, walimkuta Chande kibarazani, mguu mmoja peku, mwingine umezama ndani ya kiatu cha mwenye nyumba.

"Mwizi mkubwa we!" alifoka Ngwali.

"Tajiri, si jana tu ulikataa kutugawia unga wa msaada? Ulisema kwa wastani kila nyumba hapa ina magunia matatu."

"Ndiyo, nilipiga hesabu!"

"Na magunia yote ni yako. Nami nimepiga: wewe una viatu viwili, mimi sina. Kwa wastani, kimoja kimoja."

Watu waliangua kicheko. Ngwali, akirukaruka na kiatu kilichobaki, alibwata: "Mpumbavu! Wastani hauvaliwi miguuni!"

"Wala hauliwi," alisema Chande. "Fungua ghala."