Mwizi wa Usingizi wa Mchana

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni Sheikh Mundhiri alikuwa na wanafunzi wawili, Asimu na Hudhaifa, watu wazima wenye ndevu zao. Desturi ya chuo ilikuwa kuandika aya ubaoni alfajiri, kisha kumsomea Sheikh alasiri bila kutazama. Asiyekosea huuosha ubao. Anayekosea hubaki nao mpaka kesho. Atakayekuwa ameosha mbao nyingi zaidi kufikia mwisho wa Shaabani ndiye atakayeswalisha tarawehe za Ramadhani.

Asimu alijihimu kwelikweli. Alikifunga kilemba chake kwenye kigingi cha ukutani ili akisinzia kimvute. Hudhaifa naye, akishaswali adhuhuri, alijinyoosha mkekani akalala kailula, usingizi ule wa mchana, akikoroma pasi na haya. Alasiri huamka akasoma kama maji yatiririkayo.

(Nami nimelala kailula katika misikiti ya miji mingi, na nilichohifadhi ni nguzo ipi ina upepo. Lakini mimi sikusoma kitu kabla ya kulala.)

Wivu ukamtafuna Asimu. "Macho yangu mekundu kama makaa, huyu anakoroma, na Mola anampa yeye!" Akaupekua mto wa mwenzake akitafuta hirizi, akakuta pamba. Ndipo Ibilisi akamshauri. Kila Hudhaifa alipozama usingizini, Asimu aliangusha birika la shaba.

"Astaghfirullahi! Limeniponyoka, ndugu yangu."

"Mikono yako ina samli siku hizi, ya akhi?"

Siku ya kwanza Hudhaifa alisitasita. Siku ya tatu akakwama kabisa, ubao ukabaki haujaoshwa.

Sheikh akasema, "Asimu, mbao zenu zimelingana, na Shaabani inaisha leo. Soma. Ukipatia, tarawehe ni zako."

Hudhaifa akamgusa bega. "Soma, ndugu yangu. Nakuombea."

Dua ile ikamchoma Asimu kuliko tusi. Akauweka ubao chini.

"Maulana, siwezi. Siku tatu namwamsha makusudi. Aliyekosa ni mimi."

Ndevu za Sheikh zikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Subhanallah! Wezi nimewaona, lakini wewe umeiba usingizi siku tatu na hata hukuulala? Hukuona kwamba ulipomnyima usingizi, aya zilimkimbia? Unachopanda asubuhi, mwanangu, usingizi ndio unaokifukia ardhini. Fungua kilemba hicho kigingini, ukalale!"

Mwaka ule Hudhaifa aliswalisha. Usiku wa saba akakwama. Kutoka safu ya kwanza ikasikika sauti ya Asimu, ikimkumbusha aya kwa upole, bila kukosa herufi. Mchana ule walikuwa wamelala mkeka mmoja.

Mola atutakase na husuda, na atujaalie tusome kwanza ndipo tulale; maana kulala peke yake, mimi ni shahidi, tumeshahitimu.