Maiti Huyu, Maiti Hii

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Kirunge, uliozungukwa na ukuta, na ukuta ule ulikuwa na milango miwili. Kwa mlango wa kulia walipita watu, na askari wake waliuliza jina, asili na shughuli. Kwa mlango wa kushoto zilipita mali, na askari wake walipekua magunia na kutoza ushuru. Ikawa mtu aliyekuja na punda wa chumvi huingia kulia, punda huingia kushoto, nao hukutana ndani baada ya siku tatu, punda ameshiba na mwenyewe amekonda.

Watu wakanung'unika. Basi Sultani Badawi, aliyependa kusifiwa kwa kazi asiyoitolea jasho, akaamuru mlango mmoja uzibwe kwa mawe, na idara mbili ziwe moja, jina lake Ulinzi wa Mpaka. Akaandika waraka, ukapigiliwa misumari langoni: "Kila kiingiacho Kirunge ni mtu au ni mali. Mtu atajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Asiyejibu ni mali. Atatozwa sehemu moja katika kumi na kukaa ghalani siku saba. Hapana atakayesamehewa, hata mimi." Maneno mawili ya mwisho aliyaongeza kwa ajili ya uzuri tu.

Akamweka mkuu mmoja, Bwana Sururu, na kwa kuwa idara zilikuwa mbili akampa kofia mbili: nyekundu ya watu, nyeupe ya mali. Bwana Sururu hakuwahi kukosea kofia. Akikwama akiwa na nyekundu, husema, "Ngoja nimwulize mwenzangu," hubadili kofia, hujiuliza, hujijibu, na mara nyingi hawakupatana.

Katika mji ule alikuwako mshona magunia, Vuai bin Pandu, fukara asiyekuwa na kitu ila sindano na ulimi. Mkewe, Mize, alitoka nje ya ukuta kwenda kumwuguza dada yake. Dada akapona, Mize akafa. Siku zote alikuwa amesema kwamba akifa azikwe Kirunge, ubavuni mwa mama yake, maana hakutaka kuanza kuzoeana na majirani wapya. Vuai akamlaza kwenye jeneza, akalibeba pamoja na shemeji zake wawili, watu watatu kwa pembe nne, wakafika langoni asubuhi.

"Majina?" akauliza Bwana Sururu, kofia nyekundu kichwani.

Wakayataja.

"Na hapo juu ya jeneza?"

"Mke wangu, Mize binti Shaame. Amefariki jana."

"Ajibu mwenyewe."

Vuai akamtazama. "Bwana Sururu, miaka thelathini na mmoja nimemwomba mwanamke huyu aniachie neno la mwisho, walau mara moja. Leo ameniachia, nawe unataka aseme?"

"Waraka unasema kwa kinywa chake."

"Kinywa anacho."

"Ngoja nimwulize mwenzangu." Akavaa nyeupe. "Maiti hii haikujibu. Ni mali. Ipelekwe ghalani siku saba."

"Maiti huyu," akasema Vuai.

"Maiti hii."

"Huyu, bwana. Twataka kumzika leo kabla ya jua kuchwa. Siku saba kwa joto hili, hata ghala lako litaomba kuhama."

"Hii," akasema Bwana Sururu, akaandika. Alipofika kwenye sehemu ya kumi akalitazama jeneza, asijue aanzie wapi, akaandika kwamba ushuru utakadiriwa baadaye.

Askari wakamwingiza Mize ghalani, katikati ya marobota ya tumbaku na magunia ya pilipili kavu. Shemeji mkubwa akakunja ngumi. Vuai akamshika mkono.

"Tulia, shemeji. Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi tukae hapa hapa."

Ilikuwa desturi ya Sultani Badawi kila Alhamisi kwenda shambani kwake nje ya ukuta, kula wali wa nazi na nusu ya mbuzi, na kurudishwa alasiri ndani ya machela, amelala fofofo. Kumwamsha lilikuwa kosa la viboko ishirini.

Machela ikafika. Bwana Sururu akainama hadi kofia ikadondoka. Vuai akasogea, akasema kwa adabu, "Mbona humwulizi jina?"

"Una wazimu? Huyu ni Sultani!"

"Imeandikwa pale, 'Hapana atakayesamehewa, hata mimi.' Huyo mimi ni nani?"

Bwana Sururu aliogopa vitu viwili duniani, Sultani na waraka wa Sultani. Sultani alikuwa amelala, basi kikabaki kimoja. Akaiinamia machela, akanong'ona, "Jina lako, Maulana?"

Sultani akakoroma.

"Hilo si jina," akasema Vuai.

"Labda ni la ukoo," akasema Bwana Sururu, jasho likimtoka. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Akavaa nyeupe, akaandika: Mzigo mmoja, mzito, haujibu. Kwa sehemu ya kumi akachukua kilemba, kwani ndicho kilichotoka bila kumwamsha mwenyewe. Wapagazi, waliochoka tangu zama za baba yake Sultani, wakautua mzigo ghalani kwa furaha kubwa. Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya jeneza la Mize.

Pilipili haijui nani Sultani. Akapiga chafya tatu, akaamka, akashika kichwa akakuta upara, akageuka akaona sanda.

"Ni nani huyu?" akapiga ukelele.

Vuai, aliyekuwa akingoja mlangoni, akapiga magoti. "Maulana amehukumu."

"Nimehukumu nini? Kilemba changu kiko wapi? Nani huyu, nakuuliza!"

"Umesema nani, umesema huyu. Hukusema nini hii. Bwana Sururu tangu asubuhi anasema hii. Huyu ni Mize binti Shaame, mke wangu, amerudi kwao kuzikwa. Na wewe, Maulana, kwa kofia nyeupe ni mzigo, na siku zako ni saba."

Akaitwa Bwana Sururu. Akaja amevaa kofia zote mbili, moja juu ya nyingine, asijue ipi itachapwa, akaeleza yote. Tumbo la Sultani likaanza kutikisika, akacheka mpaka pilipili ikamwingia tena.

"Nimesema nani," akasema alipopata pumzi, "na neno langu silirudishi. Sururu, ongeza kwenye waraka: Aliyewahi kuitwa kwa jina ni mtu, ajibu asijibu. Nawe, mshona magunia, omba utakacho."

"Jeneza lina pembe nne, Maulana, nasi tu watatu."

Sultani akaitazama mikono yake laini, akakunja kanzu, akashika pembe ya nne. Wakapita sokoni, naye kichwa wazi, asitambuliwe na mtu.

"Yule mwenye upara ni nani?" akauliza muuza tumbaku.

"Mtu tu," akajibiwa.

Wakamzika Mize kabla ya jua kuchwa, ubavuni mwa mama yake. Wenzake walipoondoka, Vuai alibaki kidogo, akasema jambo, na kwa mazoea akangoja ajibiwe.

Hekaya nayo imepita mlango ule ule. Haikuulizwa jina, wala haikutozwa kitu.