Kwa Nini Gari la Mbio Lina Rafu Mgongoni

Zamani gari la mbio halikuwa na kitu mgongoni. Paa liliteremka mpaka nyuma bila kizuizi, laini kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na watu walilisifu gari kwa mteremko ule. Bawa hili ambalo vijana huliita spoila, na ambalo mnabishana kama linalipamba gari au linaliharibu, halikuwako.

Siku hizo Wataita walikuwa bado wakikumbuka desturi ya wazee wao. Mtu mzima alipokufa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa, likapelekwa kwenye mwamba wa ukoo na kuwekwa juu ya rafu ya jiwe, kando ya waliomtangulia. Mwamba wa ukoo wa Mwawasi uliitwa Kighombonyi. Wengine husema Kighombo, nao hukosea. Ulisimama peke yake kwenye tambarare, chini ya milima, na njia ya magari iliuzunguka.

Wakaja wajenzi wa barabara, wakaupasua kwa baruti ili njia inyooke. Rafu ilisagika pamoja na vilivyokuwa juu yake. Barabara ikanyooka kweli, na vijana wenye magari wakaanza kushindana hapo kila Jumapili baada ya ibada.

Ndipo jambo lile likaanza. Gari lilipofika kwa kasi mahali mwamba ulipokuwa, dereva alihisi nyuma ikiwa nyepesi, kana kwamba buti limeinuliwa na mikono mingi. Waliohofu walipunguza mwendo. Righa, kijana wa ukoo wa Mwawasi, hakupunguza. Gari lake liliinuka nyuma mchana kweupe, likapinduka, likaanguka kifudifudi. Waliokimbilia kumtoa walimkuta amekufa, na wakaona alama za vidole katika vumbi la buti, vyembamba kama vijiti vya mtama.

Mwandawiro, binamu yake Righa, alikuwa amekwisha kuapa mbele ya watu kwamba angeshindana Jumapili iliyofuata. Kiapo hakikumruhusu kurudi nyuma. Bibi yao, Mghoi, alimkuta akilisugua gari lake kwa kitambaa.

"Wazee wa mwamba hawakuchukii," alimwambia. "Wamechoka kusimama. Wanashika chochote kinachopita. Watengenezee rafu."

"Juu ya gari hili, nyanya? Nitaliharibu umbo lake."

"Na umbo la Righa, uliliona?"

Mwandawiro alikiweka kitambaa chini. Wakaenda Mwatate kwa Mwashighadi, fundi wa bodi, naye akakata bati, akaliinua juu ya miguu miwili, akalichomelea juu ya buti. Mghoi alikuwa amelipima mwenyewe kwa shubiri kabla halijakatwa, akitaja jina kwa kila shubiri, jina la baba na la babu, wala hakurudia hata moja. La mwisho lilikuwa la Righa. Kisha akaongeza shubiri moja, na hapo hakutaja jina.

"Hiyo ya nani, mama?" fundi akauliza.

"Rafu haijengwi ikajaa. Yuko atakayefuata."

Jumapili vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwandawiro, umekuja kuanika vyombo?" mmoja akapaza sauti. Mwingine akadakia: "Mwacheni, kaka yetu anawapelekea wakwe kabati!" Hata Mwandawiro mwenyewe aliliona lile bati kuwa baya.

Aliondoka kwa kasi. Alipokaribia Kighombonyi akahisi nyuma inaanza kuinuka, na usukani ukalegea mikononi mwake. Halafu kitu kikatua. Hakikutua kwa kishindo. Kilitua kidogo kidogo, kisha kingine, kisha kingine, kama waumini wanavyoketi kanisani wimbo ukiisha. Nyuma ikashuka, magurudumu yakaishika barabara. Akatazama kioo. Barabara aliyoiacha ilionekana, lakini kwa vipande, kama mtu aonavyo mbele akiwa amekaa nyuma ya vichwa vya watu.

Wacheshi wale waliokuwa kando ya barabara walivua kofia alipopita. Hakuna aliyemwambia mwenzake avue.

Aliposimama, gari zima lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Juu ya rafu tu palikuwa na miduara safi, imepangana sawasawa, kila mmoja upana wa kitako cha kibuyu. Mduara wa Righa ulikuwa bado na unyevu. Shubiri ya mwisho ilikuwa na vumbi lake, halijaguswa.

Mwandawiro alizeeka na gari lile. Kila alipoulizwa alisema rafu ile ni mbaya, nayo hakuiondoa. Wenzake wakafanyiza za kwao kwa Mwashighadi, na watu wa mbali wakaziona, wakaziiga bila kuuliza sababu, wakazikunja na kuzipaka rangi.

Na tangu siku hiyo gari la mbio hubeba bawa mgongoni. Huko mbali wanalihesabu kuwa pambo, na wanabishana kuhusu uzuri wake. Sisi hatubishani. Tunaliosha gari lote, bawa tunaliachia vumbi lake. Na mwenye gari, kabla hajaingia, hupita kwanza nyuma akaitazama ile shubiri ya mwisho. Vumbi likiwapo, hufungua mlango.