Kibuyu cha Togwa cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifagia nyua na kugombana na majirani kama sisi, aliishi Bi Pimbi. Alikuwa mdogo, ungeweza kumbeba kwapani, lakini kwa kutengeneza togwa hakuna aliyemfikia.

Na togwa haitaki papara, wanangu. Bi Pimbi aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota. Akauanika, akausaga, akapata kimea. Kisha akapika uji, akaungoja upoe, akautia kimea na kuumimina vibuyuni. Vibuyu vikakaa vinanong'ona: bwi, bwi, bwi. Hapo togwa inachachuka. Kizibo chake hulegezwa ili ipumue, maana ukiibana itakukasirikia.

Mwaka huo binti yake alikuwa anaolewa. Wakwe walikuwa njiani, na kwao mkwe asipopokewa kwa togwa huona amedharauliwa, akageuza na kurudi alikotoka.

Bi Pimbi akajaza vibuyu ghalani. Majirani zake watatu, Tembo, Nyati na Kiboko, wakamsaidia kuziba mlango kwa jiwe kubwa. Yeye mwenyewe aliingia kwa kitundu chini ya ukuta.

Asubuhi, lahaula! Jiwe limesukumwa kando, vibuyu vyote vitupu. Kilichosalia ni kimoja tu, kilichokuwa jikoni. Na mvua ilikuwa imefuta nyayo zote.

Bi Pimbi akakaa chini akalia. Alipomaliza kulia, akafikiri. "Jiwe lile mimi siwezi hata kulitikisa. Aliyekunywa ni mmoja wa wale watatu."

Akakichukua kile kibuyu kilichosalia. Akakishindilia kizibo, ko! ko! ko! Akakipaka nta pande zote, akakiweka juani. Kibuyu kikanyamaza kabisa. Kisha akawaita majirani.

"Jamani, togwa ya wakwe imeibiwa."

"Maskini, Bi Pimbi! Yote?" akauliza Tembo.

"Mimi hata siipendi," akasema Nyati. "Inanijaza tumbo."

"Mwizi huyo apigwe!" akanguruma Kiboko. "Apigwe sana!"

"Simtuhumu mtu," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Ila kibuyu hiki nilikirithi kwa bibi yangu, na kinamjua mwizi. Nendeni nyuma ya nyumba, mmoja mmoja, mkiweke sikioni. Kitamwimbia asiye na kosa. Mbele ya mwizi kitanyamaza. Lakini mkishike taratibu, kama mtoto aliyelala."

Nyie mnacheka? Kibuyu hakijui kitu! Bi Pimbi alikuwa anawapima tu.

Tembo akaenda, akasikiliza, akarudi masikio yamemlegea. "Bi Pimbi, sikusikia kitu. Lakini wallahi sijaiba."

Nyati akaenda, akarudi anakoroma kwa hasira. "Kimya! Basi kibuyu chako kinasema uongo, maana mimi siibi!"

Kiboko akatabasamu. "Mimi kitaniimbia, mtaona."

Akafika nyuma ya nyumba, akakiweka sikioni. Kimya.

"Imba," akanong'ona.

Kimya.

"Imba bwana, usiniaibishe!" Jasho likamtoka. Akatazama huku, akatazama kule, akakitikisa. Chwa, chwa, chwa!

PAAA!

Kizibo kikaruka kikampiga puani. Povu likamjaa machoni, masikioni, mpaka shingoni. Kiboko akatokea mbele ya wenzake mweupe pee, anapiga chafya.

"Mzee Kiboko," akasema Bi Pimbi, "wenzako walikuta kimya wakasema kimya. Wewe uliogopa nini hata ukakitikisa?"

Kiboko akajipangusa povu machoni. Mwisho akainamisha kichwa. "Ilikuwa tamu, Bi Pimbi. Nilionja kidogo tu. Kile kidogo kikaniita tena."

"Nami wakwe zangu nitawapa nini? Maji ya mtoni?"



Bi Pimbi akamwonyesha jiwe la kusagia. Ulezi mwingine ulioota na kuanikwa ulikuwa bado upo ungoni. "Piga magoti, jirani."

Basi Kiboko na ukubwa wake wote akapiga magoti akasaga. Kreu, kreu, kreu!

"Taratibu, mzee. Unasaga kimea, huvunji kokoto."

Uji ukapikwa, ukapoa, ukatiwa kimea. Bi Pimbi akachukua ile togwa kidogo iliyobaki ndani ya kibuyu, akaichanganya na uji mpya ili uchachuke upesi. Vizibo safari hii akavilegeza. Bwi, bwi, bwi.

Wakwe wakaja. Wakanywa, wakaramba midomo, wakaomba tena. Mama mkwe akauliza, "Nani amesaga kimea laini namna hii?"

Wote wakamgeukia Kiboko. Akatamani ardhi immeze. Tembo akajikohoza. Nyati akatazama juu.

"Ni jirani yangu huyu," akasema Bi Pimbi. "Amejitolea."

Akamchotea Kiboko kata moja ndogo. Kiboko akaipokea kwa mikono miwili, akainywa polepole, machozi yanamlengalenga.

Hadithi yangu nimeimimina yote, kibuyu kitupu. Shikeni hili moja, wanangu: mwenye kosa hujifichua mwenyewe kwa pupa yake ya kujisafisha.